Mafaili Yanapoonekana Kubadilika Bila Kuguswa: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Nyuma ya kila mfumo wa TEHAMA unaompatia mwananchi huduma, iwe ni kulipia ankara au kuomba cheti, ipo mistari mingi ya msimbo iliyoandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Ili kazi ya mmoja isifute ya mwenzake, waandishi wa programu hutumia mfumo wa kudhibiti matoleo. Unaotumika zaidi duniani ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kazi yake inafanana na ya masijala: kila badiliko lililokabidhiwa huandikwa katika kumbukumbu pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake.

Hata hivyo, ipo hali inayowasumbua wataalamu wengi. Mtumishi hufungua folda ya kazi asubuhi, hutoa amri ya "git status", na kukuta orodha ya mafaili mia mbili yanayotajwa kuwa yamebadilika, ilhali yeye hakumbuki kugusa hata moja. Wengi hukimbilia amri ya "git reset --hard", inayorudisha mafaili hayo kama yalivyo katika kumbukumbu. Hapo ndipo hasara hutokea. Amri hiyo haiombi uthibitisho wala haichagui. Kati ya mafaili hayo mia mbili, moja linaweza kuwa na kazi halisi ya siku tatu ambayo bado haijakabidhiwa, na masijala haiwezi kurejesha waraka ambao haukuwahi kufika mezani kwake.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kusoma. Amri ya "git diff" huonesha tofauti kati ya faili lililopo na lile lililokwisha kuandaliwa au kukabidhiwa. Endapo faili zima linaonekana kufutwa na kuandikwa upya kwa maneno yaleyale, chanzo karibu kila mara ni alama ya mwisho wa mstari. Alama hiyo haionekani kwa macho. Mifumo ya Linux na macOS humaliza mstari kwa alama moja, wakati Windows hutumia mbili: ya kurudi mwanzo wa mstari na ya kushuka mstari mpya. Waliowahi kutumia taipureta watazitambua, kwani mkono wa mashine hiyo ulifanya kazi hizo mbili kwa mpigo mmoja. Mmoja akiandika kwa Windows na mwenzake kwa Linux, kila mstari unaweza kuhesabika kuwa mpya.

Uhakiki wake ni mwepesi. Amri ya "git diff --ignore-space-at-eol" hupuuza nafasi na alama za mwishoni mwa mstari; matokeo yakiwa matupu, hakuna neno lililobadilika. Tiba ya kudumu ni kuweka faili la ".gitattributes" lenye mstari "* text=auto" ndani ya mradi, kisha kutoa amri ya "git add --renormalize ." na kukabidhi matokeo mara moja. Njia hii ni bora kuliko kumtaka kila mtumishi arekebishe kompyuta yake, kwa kuwa kanuni husafiri pamoja na mradi na humkuta hata mwajiriwa mpya.

Chanzo cha pili ni ruhusa za faili. Git hufuatilia iwapo faili linaweza kuendeshwa kama programu au la, na huandika 100755 au 100644. "git diff" ikionesha tarakimu hizo pekee, bila mstari wowote wa msimbo, maana yake ruhusa zimebadilishwa. Wapo wanaoshauri kuzima ufuatiliaji huo kwa kuweka "core.fileMode" kuwa "false". Ushauri huo unafaa pale folda inapokaa kwenye diski isiyohifadhi ruhusa. Kwenye seva, aghalabu dalili hiyo hutokana na mtu aliyetoa amri ya "chmod -R 777" ili kumaliza tatizo lingine kwa haraka, na hivyo kuruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika ndani ya mafaili hayo. Kuzima ufuatiliaji hapo ni kunyamazisha kengele huku mlango ukiwa wazi.

Cha tatu ni majina. Mradi wa Linux wenyewe, ambao Git ilibuniwa kwa ajili yake, kwa miaka mingi umekuwa na mafaili mawili yanayoitwa xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c. Kwa Linux hayo ni mawili. Kwa Windows, na kwa macOS katika mpangilio wake wa kawaida, ni moja. Anayeupakua mradi huo huko hukuta mabadiliko papo hapo, na akilirejesha moja, la pili huonekana kubadilika. Hakuna amri ya kurejesha itakayomsaidia. Dawa ni kufanyia kazi kwenye diski inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, au wenye mradi kubadili jina mojawapo.

Iwapo uchunguzi utaonesha maneno yaliyobadilika kweli, suala si la kiufundi tena. Huenda mwenzake alirekebisha hitilafu moja kwa moja kwenye seva usiku, au mtu asiyehusika aliingia. Kwa vyovyote, mabadiliko hayo yahifadhiwe kando kwa "git stash push -u", ambayo huchukua pia mafaili mapya yasiyofuatiliwa, na mwenye dhamana ya mfumo aoneshwe kabla ya lolote kufutwa. Anayelazimika kufuta mafaili mapya aanze na "git clean -n", inayotaja yatakayoondolewa bila kuondoa hata moja. Faili moja lililothibitika kuwa halihitajiki hurejeshwa kwa "git restore" ikifuatiwa na jina lake, amri iliyoanza kupatikana katika toleo la 2.23 la mwaka 2019.