Kipandauso si malaria, wala si uchawi

NILIPOKUWA mwanafunzi Ulyankulu, mkoani Tabora, mama mmoja jirani yetu alikuwa akijifungia ndani kutwa nzima, dirisha amelifunika kwa kanga. Watu walisema amerogwa. Mwaka 2009 nikarejea Burundi kufundisha Gitega, na ugonjwa uleule ukanikuta mbele ya ubao: kwanza vimulimuli machoni, kisha kichefuchefu, na nusu ya kichwa ikigonga kama nyundo.

Mara tatu nilipewa dawa ya malaria, ingawa vipimo viwili vilionyesha sina. Siwalaumu sana wahudumu, malaria huua. Lakini nilirudi nyumbani na kichwa changu kilekile.

Huo ni kipandauso. Duniani humpata takriban mtu mmoja kati ya saba, wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi hurithiwa.

Kwa wafanyabiashara wa Muyinga wanaovuka Kobero kwenda Kabanga, upande wa Ngara, kazi yenyewe ni kichocheo: kuamka usiku, njaa, kiu, jua kali. Nani atamwambia mwenye magunia mpakani akalale gizani? Basi vidonge humezwa kama karanga. Hapo pana mtego. Dawa ya kawaida ya maumivu ikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile za mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Tiba ipo. Ibuprofeni au aspirini ikimezwa mapema huwasaidia wengi. Sumatriptani, dawa mahsusi ya kipandauso, iliingia sokoni mwaka 1991. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, miaka 30 baadaye! Mimi niliiulizia madukani nikaishia kuonyeshwa paracetamoli. Kilichonisaidia ni propranololi, dawa ya zamani ya moyo, inayomezwa kila siku kwa maelekezo ya daktari. Haimfai mwenye pumu.

Kichwa kikikushika ghafla kuliko siku zote, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, usisingizie kipandauso. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa kichwa cha kila mara, andika kwenye daftari lako la mauzo siku kilipouma na vidonge ulivyomeza, kisha umpelekee daktari. Wangu alilisoma daftari kabla hata ya kunipima.