Kuvuna Zabibu Dodoma

Wakulima wenzangu wa Borabu huniuliza mara kwa mara kama mzabibu ungeweza kutuletea fedha huku kwetu. Mwezi wa Agosti nilivuka mpaka Isebania, nikaenda Dodoma, Tanzania, kumsaidia rafiki yangu kuvuna, na hapa naeleza niliyoyaona.

Tulianza alfajiri, maana zabibu zikikatwa juani huharibika upesi. Unashika kichala, unakata kikonyo kwa mkasi, unaondoa punje zilizooza, kisha unakilaza polepole katika kreti. Mimi kwa haraka yangu nikakata hata vichala vyenye punje za kijani. Mke wa rafiki yangu akacheka: "Shemeji, hizo si ndizi!" Kweli. Sisi hukata mkungu mbichi ukaiva nyumbani, lakini zabibu ikikatwa kabla ya kuiva hubaki chachu vivyo hivyo.

Ilipofika saa nane mchana kreti zilikuwa zimejaa chini ya mti, na mnunuzi aliyeahidi hakuonekana. Jioni akaja mwingine, akataja bei ndogo, akijua ya kwamba zabibu hazingoji. Mkulima wa chai aelewa uchungu huo, maana majani yakikaa kutwa katika gunia huungua. Rafiki yangu aliuza nusu. Nusu ya pili akaiponda ili apate kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ambao ukitunzwa vema huweza kumngoja mnunuzi.

Punje hutolewa vikonyo na kupondwa katika mapipa safi ya plastiki. Pipa halijazwi mpaka juu, kwa kuwa hamira ikila sukari hutoa gesi, na maganda hupanda. Hapana budi kuyashindilia chini kwa mwiko mara mbili tatu kila siku, ama sivyo yataota kuvu. Baada ya juma moja hivi mchuzi hukamuliwa na kutiwa katika chombo kilichojaa mpaka shingoni. Kifunikoni hutoka mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji, hata gesi yatoka na hewa haiingii. Hewa ikiingia, umepata siki. Debe la mabati lisitumike kabisa, maana uchachu wa zabibu hula zinki. Tena chumba kiwe na madirisha wazi: gesi ile hutulia chini, nayo imepata kuua watu.

Basi, tupande Nyansiongo? Dodoma hupata mvua kama milimita 600 kwa mwaka, na tangu Mei mpaka Novemba ni kavu. Kisii hupata zaidi ya 1,500, karibu kila mwezi. Kwa unyevu huo mzabibu hushikwa na ukungu, na vichala huoza mtini. Mti mmoja au miwili penye jua karibu na nyumba, kwa watoto, si vibaya. Lakini fedha za karo nisingeziweka hapo.

Njia ile ya pipa yafaa hata kwa ndizi zetu. Ila tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010, kutengeneza kinywaji cha kuuza bila leseni ni kosa, kwa hiyo anayetaka biashara aanzie kwenye leseni.

Siku ya kuondoka rafiki yangu alinifungia pingili kumi za kupanda. Kuingiza mbegu au miche Kenya hutaka kibali cha KEPHIS, nami sikuwa nacho. Nikamwachia pingili zake, nikachukua kreti moja ya kula njiani, nayo ilikwisha kabla ya Mwanza.