Dawa ya malaria: kila mutu na kipimo chake

Watoto wawili wa nyumba moja wanapata homa siku moja. Mukubwa iko na kilo 26, mudogo iko na kilo 12. Mama ananunua boite moja ya vidonge 24 ku farmasi na kuwagawia nusu kwa nusu. Hapo mudogo anakunywa vidonge 12 wakati alihitaji 6, na mukubwa anapata 12 wakati alihitaji 18.

Dawa hiyo ya artemeta na lumefantrini, ile inatumiwa sana kwa malaria, inapimwa kufuatana na kilo, si miaka. Mutoto wa miaka 4 mwenye utapiamlo anaweza kuwa na uzito wa mutoto wa miaka 2. Kwa hiyo, mbele ya kumupa dawa, apimwe damu na apandishwe ku balansi.

Kwa vidonge vya 20/120, kila mara mugonjwa anakunywa:

- kilo 5 mpaka chini ya 15: kidonge 1
- kilo 15 mpaka chini ya 25: vidonge 2
- kilo 25 mpaka chini ya 35: vidonge 3
- kilo 35 kwenda juu: vidonge 4

Ni mara 6 kwa siku 3. Mara ya pili inafuata kisha masaa 8, halafu asubui na magaribi. Kuna vidonge vyenye nguvu zaidi, basi musome boite.

Chakula nacho kinahesabika. Lumefantrini inaingia vizuri mwilini ikikutana na mafuta: maziwa, karanga, uji wenye mafuta. Mutoto akitapika mbele ya saa moja kupita, anarudilia kipimo kile.

Mwenye kupata kidogo anaweza kupona siku chache, kisha homa inarudi, sababu vijidudu havikufa vyote. Kwa jirani zetu Rwanda na Uganda, vijidudu vyenye kuanza kuvumilia artemisinini vimekwisha kuonekana.

Hata sindano ya artesunate ya malaria kali inabadilika: mutoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, wengine 2,4.

Mama mwenye mimba, mutoto wa chini ya kilo 5, ao mugonjwa mwenye kushituka, kutapika kila kitu ao kushindwa kuamka, asitunziwe nyumbani. Apelekwe mbio ku kituo cha afya.