Mfanyakazi Akiomba Kufanyia Kazi Nyumbani, Bosi Apige Hesabu Gani?

Kama una biashara ya watu watano, kumi au ishirini, ombi hili limeshafika mezani kwako ama liko njiani: "Bosi, naweza kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki?" Kabla ya kujibu, shika kalamu. Kazi yetu ni malipo, kwa hivyo tutaangalia zaidi upande wa pesa.

Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini, watu walibeba laptopu wakaenda nyumbani bila kupiga hesabu yoyote. Hakukuwa na nafasi. Leo nafasi iko.

Faida zinaonekana haraka. Anayetoka Ruiru au Kitengela kwenda katikati ya Nairobi anaamka usiku, na jam ikikataa kusonga anafika kazini akiwa ameshachoka. Ukimrudishia muda huo, sehemu yake itaingia kwenye kazi yako. Unaweza pia kuchukua ofisi ndogo, au kuajiri mtu mzuri aliye Kisumu bila kumhamisha.

Lakini gharama za ofisi hazipotei, zinahama tu. Karani akiwa nyumbani, bando ni lake, tokeni za stima ni zake, hata chai ni yake. Tuseme nauli yake ni Sh100 kwenda na Sh100 kurudi. Siku nane kwa mwezi ameokoa Sh1,600. Kama analipa intaneti ya Sh2,000 ambayo hangeihitaji, amekufanyia kazi na bado ametoa Sh400 mfukoni. Anayekuja ofisini kwa miguu hajaokoa hata shilingi. Hizi ni namba za mfano, weka zako, lakini usiruke hii hesabu, kwa sababu yeye ataipiga na asikwambie. Siku moja utapata tu barua ya kuacha kazi.

Ushauri wetu: toa posho ya intaneti, itume tarehe moja kila mwezi, na iwe na rekodi yake mbali na mshahara. Muulize mhasibu kama inaingia kwenye PAYE. Makato ya NSSF, SHIF na nyumba hayabadiliki eti kwa sababu mtu yuko sebuleni kwake.

Sasa tufike mahali panapotutia wasiwasi kabisa. Ofisini, anayeandaa malipo na anayeidhinisha wako chumba kimoja. Ankara inapita mkono kwa mkono, na ikiwa na kasoro mtu anauliza papo hapo. Nyumbani, ankara inakuja kwa WhatsApp, wewe uko kwenye matatu, na karani anaandika, "Bosi, nitumie PIN nimalizie." Ukiituma mara moja, umeituma milele. Tapeli naye anapenda mazingira haya. Anatuma ujumbe akijifanya wewe: "Niko mkutanoni, lipa huyu msambazaji haraka." Karani aliye peke yake hana wa kugeukia amuulize.

Kwa hivyo, kabla mtu hajaenda nyumbani, kila mmoja awe na akaunti yake ya kuingia kwenye mfumo wa malipo, mmoja aandae na mwingine aidhinishe, na kuwe na kiwango cha juu kwa siku. Namba mpya ya kulipwa ithibitishwe kwa kumpigia mwenyewe, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Laini ya kampuni isikae kwenye simu ambayo watoto wanachezea gemu. Na mtu akiacha kazi, ondoa ruhusa zake siku hiyo hiyo. Orodha ya wateja iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani bado ni mzigo wako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuna jambo lingine lisiloingia kwenye daftari. Keshia na anayepokea mzigo stoo hawawezi kufanyia kazi nyumbani, na wataona wenzao wakibaki. Waambie sababu mapema. Waajiriwa wapya nao, sisi tungewaweka ofisini miezi ya kwanza. Tumejifunza mengi kwa kumsikiliza mkubwa akiongea na mteja aliyekasirika kuliko kwenye mafunzo yoyote.

Halafu kuna simu za saa nne usiku. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alileta muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu mambo ya kazi nje ya saa zake. Si lazima ungoje Bunge, kubalianeni saa.

Ukiamua kujaribu, anza na miezi mitatu, siku mbili kwa wiki, na pima kazi iliyokamilika badala ya nani alikuwa hewani. Yaandike yote. Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu mahali pa kazi kuwa sehemu ya masharti ya mkataba, na masharti hayo yakibadilika, unapaswa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. "Sawa, endelea tu" ya WhatsApp haitoshi.