Seli T dhibiti

Seli T dhibiti ni aina ya seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuuzuia mfumo wa kinga usiushambulie mwili wenyewe. Ni kundi dogo: kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban asilimia 5 hadi 10 ya seli T zenye protini CD4.

Chanzo

Seli T hukomaa katika tezi ya thimusi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Humo, seli nyingi zinazozinasa kwa nguvu protini za mwili wenyewe huuawa. Hata hivyo mchujo huo haukamiliki, na baadhi hupenya hadi kwenye damu. Seli T dhibiti, ambazo nyingi hutoka katika tezi hiyohiyo, huzituliza zile zilizopenya.

Utendaji

Seli hizo hunyonya interleukini-2, ambayo seli T nyingine huihitaji ili ziongezeke. Kwa protini CTLA-4 huziondolea seli zinazoonyesha antijeni zile alama zinazoziamsha seli T. Pia hutoa interleukini-10, inayozituliza seli nyingine za kinga. Hivyo vijidudu vikishashindwa, mapambano hupungua kabla ya kuharibu tishu nzima.

Ugunduzi

Panya walioondolewa thimusi siku 3 baada ya kuzaliwa walishambuliwa na kinga yao wenyewe, jambo lililowashangaza wataalamu. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa seli zenye CD4 na CD25 huzuia hali hiyo. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walitambua jeni Foxp3, ambayo ikiharibika panya dume hufa wakiwa wachanga. Kwa binadamu hasara hiyo huleta ugonjwa wa IPEX, unaoshambulia utumbo, ngozi na tezi za watoto wa kiume, kwa kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Mwaka 2003 ilibainika kuwa ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli T dhibiti. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Umuhimu katika tiba

Wakati wa mimba, seli hizi husaidia mwili wa mama kumvumilia mtoto, ambaye nusu ya jeni zake ni za baba. Lakini zikijikusanya ndani ya saratani, huikinga isishambuliwe. Kwa hiyo watafiti wanajaribu kuziongeza kwa waliopandikizwa viungo, na kuzipunguza kwa wagonjwa wa saratani.