Tope la Ziwa Naivasha Lafichua Historia ya Ukame na Mafuriko ya Miaka 1,100

Mara mbili katika muda wa miaka michache, mwaka wa 2020 na tena 2025, familia za mtaa wa Kihoto mjini Naivasha zimelazimika kuhama baada ya maji ya ziwa kuingia majumbani. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 kilio kilikuwa kinyume kabisa. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma kiasi kwamba wavuvi, wafugaji na wenye mashamba ya maua walihofia kuwa lingekauka. Kutokana na hali hiyo wakazi wengi hujiuliza: je, ziwa hili limeharibika, au ndivyo lilivyo tangu zamani?

Sehemu kubwa ya jibu imelala chini ya maji, ndani ya tope.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoa maji yake nje. Hupokea maji ya mito Malewa, Gilgil na Karati, Malewa ukiwa ndio unaoleta mengi zaidi, kisha huyapoteza kwa njia ya mvuke na kwa kupenya chini ya ardhi. Mvua ikizidi kwenye vilima vya Nyandarua, ziwa hupanda. Mvua ikipungua kwa miaka kadhaa, hushuka. Vipimo rasmi vya kina chake vilianza kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hata katika kipindi hicho kifupi ziwa limepanda na kushuka kwa zaidi ya mita 10. Ili kujua yaliyotokea kabla ya hapo, inabidi kusoma mashapo, yaani udongo, mabaki ya mimea na maganda ya viumbe wadogo yanayotua kwenye sakafu ya ziwa mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka.

Si kila mahali ziwani panapofaa kwa kazi hiyo. Penye kina kifupi, upepo huvuruga tope na kuchanganya ya jana na ya karne iliyopita. Tena ziwa likikauka, tope hupasuka na kupeperushwa na kurasa kadhaa za historia hupotea. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakirudi mara kwa mara kwenye Kisiwa cha Crescent, ambacho watalii wengi hukijua kwa sababu ya twiga na pundamilia. Kisiwa hicho chenye umbo la mwezi mwandamo ni ukingo wa kasoko ya volkano, na kasoko yenyewe, iliyofunikwa na maji, ndiyo sehemu yenye kina kirefu zaidi ziwani. Maji ya sehemu nyingine yalipokauka, hapo yalibaki.

Kuchimba sampuli ni kazi ya subira zaidi ya mitambo. Chelezo hufungwa nanga pande zote ili kisisogee, kisha bomba refu hushushwa hadi sakafuni na kusukumwa ndani ya tope. Likivutwa juu huwa limebeba mche wa tope ambao mpangilio wake haujavurugwa: la karibuni juu, la kale chini. Hatua hiyo hurudiwa kwa kwenda chini zaidi kila mara. Maabarani mche hupasuliwa kwa urefu na kukatwa vipande vyembamba, na kila kipande hutazamwa kwa darubini.

Wanatafuta nini humo? Kwanza ni diatomu, mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao maganda yao hujengwa kwa madini yale yale ya kioo, hivyo hayaozi. Kuna aina zinazopenda maji baridi na nyingine zinazostahimili chumvi. Pili ni vichwa vya viluwiluwi vya wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi, ambao nao kila aina ina maji yake. Ziwa lisilo na mkondo wa kutokea likipungua, chumvi hukolea. Kwa hiyo anayejua chumvi ya wakati fulani anaweza kukadiria kama maji yalikuwa mengi au machache.

Jambo hili halihitaji darubini kwa mtu anayelijua Ziwa Oloidien, upande wa kusini-magharibi. Oloidien ilikuwa sehemu ya Naivasha. Maji yalipopungua miaka ya mwanzo ya 1980 ikatengana, chumvi na magadi yakaongezeka, na baadaye heroe wakaanza kuonekana mahali ambapo zamani palikuwa na viboko na wavuvi tu. Tope la Oloidien la miaka hiyo lina viumbe tofauti na lile lililotangulia. Mtafiti wa karne ijayo atalisoma bila kuambiwa na mtu.

Mche huo huo una chavua za miti na nyasi zilizopeperushwa kutoka nchi kavu. Chavua za miti huongezeka katika vipindi vya mvua na kupungua wakati wa kiangazi kirefu, na misitu ikifyekwa kwa ajili ya mashamba huonekana pia. Umri wa matabaka hupimwa kwa kaboni ya mionzi, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730. Kwa miaka 100 hivi ya karibuni hutumika aina ya risasi ambayo nusu yake huisha kwa miaka kama 22.

Utafiti unaojulikana zaidi uliofanywa kwa njia hii hapa Naivasha ulichapishwa mwaka wa 2000 katika jarida la Nature na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming. Ulihusu miaka 1,100. Kwa mujibu wa tope hilo, kati ya takriban mwaka wa 1000 na 1270 eneo hili lilikuwa kavu kuliko lilivyo leo. Kisha ikaja karne baada ya karne ya mvua nzuri, hadi karibu mwaka wa 1850. Lakini hata ndani ya kipindi hicho cha neema kulikuwa na vipindi vitatu virefu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840.

Miaka hiyo inafaa kusomwa taratibu. Ukame wa pili ulidumu miaka 60, na wa tatu 80. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa, kupata wajukuu na kuzikwa bila kuliona ziwa likijaa. Watafiti walihitimisha kuwa vyote vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20. Waliona pia kwamba vinalingana na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria katika Afrika Mashariki kuhusu njaa, machafuko na jamii kuhama, na kwamba vipindi vya mvua viliangukia miaka ambayo nguvu ya jua ilikuwa imepungua kidogo. Uhusiano huo wa mwisho haujibu kila kitu, ila ule wa masimulizi unastahili kuzingatiwa na wote wanaodhani kwamba hadithi za nyanya ni za kulalisha watoto.

Ukirudi nyuma zaidi, picha inageuka. Mche uliosomwa na Richardson na Richardson, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1972, ulifika zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, enzi ambayo Naivasha lilikuwa ziwa kubwa na lenye kina kirefu. Lilikuwa likifurika kuelekea kusini, na njia ya maji hayo ni lile korongo la Hell's Gate ambalo wageni hulipa kiingilio kulitembea. Miaka kama 3,000 iliyopita ziwa lilikuwa limepungua kiasi cha kukauka au kukaribia kukauka.

Kwa hiyo swali la wakazi lina majibu mawili. Kupanda na kushuka ni tabia ya ziwa lenyewe, na kulifanyika kabla ya shamba la kwanza la maua na kabla ya reli. Lakini tope la juu, la miongo ya karibuni, linaonyesha jambo ambalo mvua peke yake haiwezi kulieleza. Mashapo yanatua kwa kasi zaidi kuliko zamani, kwa kuwa udongo unaotoka kwenye mashamba na miteremko iliyofyekwa huko juu husombwa na Malewa hadi ziwani. Hapo ndipo mkono wa binadamu unapoonekana wazi, na hapo ndipo mkulima wa nyanda za juu anayepanda nyasi za kuzuia mmomonyoko anapomsaidia mvuvi asiyemjua.

Tope haliwezi kutabiri mwaka ambao maji yatapanda au kushuka. Linaonyesha tu umbali ambao ziwa limewahi kufika, pande zote mbili. Kwa mwenye kuchimba kisima au kuomba kibali cha kunyunyizia mashamba, maana yake ni kwamba miaka kumi ya maji tele si kipimo cha kutosha. Kwa anayenunua ploti, uzito ni mkubwa zaidi. Ardhi nyingi iliyoonekana kavu na tambarare kando ya ziwa katika miaka ya maji machache ni sakafu ya ziwa iliyopumzika, na bei yake nafuu ina sababu.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, hakuna ujenzi unaoruhusiwa kuanza bila idhini ya serikali ya kaunti. Kuchota maji ya ziwa au ya kisima kwa matumizi makubwa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na miradi mingi iliyo karibu na maji hupitia pia mamlaka ya mazingira, NEMA. Mnunuzi anashauriwa kwenda na mpimaji ardhi aliyesajiliwa kabla ya kulipa chochote, amwonyeshe mahali maji yalipofika mwaka wa 2020 na 2025, kisha aulize ploti iko juu ya alama hiyo kwa mita ngapi.