Wakala wa mwandishi wa filamu hutafutwa lini?

Swali limenifika kwa simu kutoka Kisumu, mtaa wa Kaloleni (Kaloleni ya huko ziwani, si hii yetu ya Kilifi). Kijana amemaliza kuandika filamu yake ya kwanza, hadithi ya mama muuza omena wa Dunga, na anauliza kama wakati umefika wa kuwaandikia mawakala wa Marekani. Tena ameshapata mtu aliyejiita wakala, anayemtaka shilingi elfu kumi na tano za usajili. Namjibu hapa hadharani, kwa sababu najua Likoni, Malindi na Lamu wako vijana wenye swali hilo hilo.

Hizo elfu kumi na tano asitoe. Wakala wa kweli halipwi na mwandishi asiyelipwa. Yeye ni dalali: anaipeleka kazi yako kwa watayarishaji, anapigania bei, anakagua mkataba, kisha anakata asilimia yake katika pesa zilizoingia. Marekani asilimia hiyo kwa kawaida ni 10. Anayedai pesa kabla hujauza chochote amekufanya wewe ndiye biashara yake.

Na dalali huja baada ya samaki. Pale Dunga mwenye kununua anachungulia ndani ya mashua kwanza, hana haja na mtu anayesimulia nyavu atakazotega kesho. Mwandishi mwenye muswada mmoja, ambao hajausoma mtu ila dada yake, bado hajafika ufuoni.

Nasema muswada mmoja hautoshi kwa sababu moja tu. Siku mtu akiupenda, swali lake la pili litakuwa: una nini kingine? Ukibabaika hapo, mlango umefungwa, na mtu yule yule hafungui mara ya pili kwa urahisi. Kwa hiyo uwe na miwili au mitatu iliyokamilika kweli. Filamu ndefu ni kama kurasa 90 hadi 110, ukurasa mmoja ukihesabiwa dakika moja. Waite waigizaji wa mtaani waisome kwa sauti, nawe ukae kimya usikilize. Pale watakapoanza kushika simu zao, pana kasoro.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya Marekani havimwambii Mkenya. Kwetu hapa kazi ya wakala wa waandishi wa filamu karibu haipo. Mwandishi humfikia mtayarishaji mwenyewe, au hukutana na mwongozaji wakaandika pamoja. Kati Kati ya 2016, iliyopata tuzo ya wahakiki kule Toronto, iliandikwa na Mbithi Masya aliyeiongoza pamoja na Mugambi Nthiga. Supa Modo, iliyoonyeshwa Berlin 2018, ilikuwa na waandishi kadhaa waliokaa meza moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Nawi ya 2024. Hadithi yake ni ya Milcah Cherotich, na ilipatikana kwa njia ya shindano la uandishi. Filamu ikapigwa Turkana, kisha Kenya ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Turkana ni mbali na Nairobi kuliko Kisumu, basi asije mtu wa ziwani akalalamikia umbali.

Kwa sisi wa Pwani mlango mkubwa umekuwa tamthilia za televisheni. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, walileta Maria, Zora na Sultana. Tamthilia ya kila siku hula maandishi kama moto wa makuti, na inataka mtu anayeleta kurasa kwa wakati. Wapo wanaoidharau kazi hiyo, wakisema si sanaa. Mimi nasema mwandishi aliyetoa vipindi thelathini ana cha kumwonyesha wakala kuliko mwenye ndoto ya miaka kumi. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Uganda, Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 kuwafunza waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki. Na Nairobi lipo soko la Kalasha la Kenya Film Commission, ambako wanunuzi na watayarishaji hukutana.

Wakala basi anahitajika lini? Pale ambapo tayari kuna mtu mwenye pesa anayetaka kazi yako, au filamu yako imeonekana kwenye tamasha la nje na barua zinaanza kuja. Mawakala wakubwa wa Marekani wengi hawasomi kabisa muswada uliotumwa na mtu wasiyemjua. Na ukimpata, macho yabaki wazi: mwaka 2019 maelfu ya waandishi wa Marekani waliwafukuza mawakala wao kwa pamoja, wakilalamika kwamba wanakula malipo ya watayarishaji upande wa pili.

Kabla ya wakala, anayehitajika ni wakili, hata kwa saa moja. Sajili muswada wako kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki. Fahamu pia kwamba wazo tupu halilindwi, kinacholindwa ni ulichokiandika. Kisha kuna kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kinachowaumiza wengi bila kujua. Kazi uliyoagizwa kuiandika, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Filamu uliyoiandika mwenyewe kabla hajakuita mtu haiko hivyo: ni yako, na kuihamisha lazima kuwe kwa maandishi. Ndiyo maana mtayarishaji akikuambia "njoo tuanze upya pamoja" hadithi ambayo umeshaimaliza, muulize kwanza mkataba utaiita kazi ya nani.